Kulungu wa Bonde la Mto Wisconsin, kutoka mwituni hadi jikoni

Ijumaa, mkesha wa msimu

Spring Green ni mji mdogo, kama kilomita 60 magharibi ya Madison, jimbo la Wisconsin. Ukitoka mjini kidogo unakutana na mto, vilima vyenye miteremko mikali, miti ya mwaloni juu na mashamba ya mahindi chini. Kulungu mwenye mkia mweupe hataki zaidi ya hapo: usiku anakula mahindi yaliyobaki shambani, alfajiri anapanda kilimani kulala, na njiani anaokota kokwa za mwaloni.

Msimu wa bunduki huku hudumu siku tisa, na huanza Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Thanksgiving (Alhamisi ya nne ya Novemba). Eneo la safari hii ni ardhi ya umma, Lower Wisconsin State Riverway, ukanda unaoufuata mto kwa maili 92 kutoka bwawa la Prairie du Sac hadi unapomwagika katika Mississippi. Huhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuingia, ila mashamba ya watu yamechanganyika na ardhi ya umma, kwa hiyo pakua ramani ya mipaka kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani. Mabondeni mtandao hukatika.

Karatasi kwanza. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji ndipo auziwe leseni. Leseni ya bunduki huja na kibali cha dume mmoja, na katika kaunti za kusini zenye mashamba hupatikana pia vibali vya kulungu asiye na pembe. Vibali hivyo vimefungwa kwa kaunti, na pia kwa aina ya ardhi, ya umma au ya mtu binafsi. Kibali cha ardhi ya umma hakifai hatua moja ndani ya shamba la jirani. Kwa ndugu zetu waliohamia Marekani kuna jambo moja zaidi: sheria ya shirikisho humzuia mwenye viza ya muda kumiliki au kushika bunduki, isipokuwa awe na msamaha unaotambuliwa, na leseni halali ya uwindaji ni mmojawapo. Kama hadhi yako ya uhamiaji ina utata wowote, muulize mwanasheria kabla hujaigusa bunduki.

Mavazi: nusu ya kila nguo ya nje kuanzia kiunoni kwenda juu iwe ya rangi ya chungwa kali, au waridi kali, na kofia vilevile. Kulungu haoni rangi hiyo kama tunavyoiona sisi. Mwindaji mwenzako anaiona.

Alasiri ilikwenda kwenye kulenga. Bunduki ya .308 (ndicho kipimo cha risasi yake), risasi ya shaba tupu yenye uzito wa greni 150, karibu gramu 10, imerekebishwa ipige sentimita 4 juu ya alama kwa mita 100. Hivyo hadi mita 180 hivi huna haja ya kukisia. Piga tatu, acha mtutu upoe, piga tatu tena. Risasi ya shaba inagharimu zaidi lakini haivunjikivunjiki. Yenye kiini cha madini ya risasi humwaga chembe ndogo mbali na tundu, nyingine hazionekani kwa macho, na hatimaye zinaingia kwenye nyama ya kusaga ya watoto. Hiyo peke yake inatosha kuamua.

Vifaa vya nyama vilipangwa kwenye mfuko wao, mbali na vya kuwindia: visu viwili vyenye makali ya sentimita 9 au 10 (kisu kirefu hutoboa utumbo), kinoo, glovu ndefu, kamba ya mita sita, uzi mnene, karatasi za kupangusia, mifuko minne ya kitambaa chepesi, sleji ya plastiki ya kuburutia, kipimajoto cha nyama, na maboksi mawili ya barafu yenye chupa za lita mbili za maji yaliyogandishwa.

Wengi walioonja kulungu mara moja wakamkataa husema ananuka. Mara nyingi harufu ile haikutoka kwa mnyama. Imetoka kwenye risasi iliyopita tumboni, matumbo yaliyokaa ndani saa tatu, manyoya, mafuta yasiyoondolewa, na nyama iliyosafirishwa ikiwa na joto. Yote hayo yanazuilika, na kazi ya kuyazuia inaanza kabla ya risasi kufyatuliwa.

Jumamosi

Baridi ya nyuzi 4 chini ya sifuri, upepo wa kaskazini-magharibi, anga safi. Jua huchomoza karibu saa moja, na sheria inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla. Kuwa umeshakaa mahali pako saa kumi na mbili kamili, ili kelele za kupanda zitulie. Kwenye kiti cha juu ya mti, mkanda wa mwili unafungwa ukiwa bado ardhini na haufunguliwi mpaka miguu irudi ardhini. Bunduki inapandishwa kwa kamba ikiwa tupu.

Kwenye vilima hivi upepo wa utabiri ni nusu ya habari. Usiku na alfajiri hewa baridi hutiririka kushuka bondeni. Jua likishapiga mteremko, hewa hupanda. Asubuhi kaa juu ya njia ya kulungu, jioni kaa chini yake, harufu yako itaondoka naye asijue. Anayekaa mahali pamoja kutwa nzima bila kufikiria hilo atashangaa kwa nini wanyama wanapiga chafya na kukimbia saa nne asubuhi kamili, wakati walipita kwa amani saa moja.

Saa mbili kasoro walipita majike wawili na ndama wa mwaka huu, mita 60, wakitembea upesi. Hawakusimama. Saa nne dume mwenye pembe zenye ncha nane alisimama mita 110, ameelekeza kifua kwa mwindaji, bega moja mbele. Risasi kwa mkao huo inaweza kuingia begani na kutokea tumboni, ikibeba majani yaliyochachuka hadi kwenye paja. Hakupigwa. Ni uamuzi mgumu ukiwa na dume kama yule kwenye darubini, lakini ni uamuzi wa nyama.

Siku ya kwanza wawindaji wengine hutembea sana, hasa kati ya saa tatu na saa tano wanaporudi kunywa kahawa, na kutembea kwao kunawaamsha kulungu. Ukiwa na chakula na nguo za kutosha, usishuke. Leo kulungu walioamshwa hivyo hawakuja upande wetu.

Jumapili

Nyuzi 2 juu ya sifuri. Saa moja na dakika kumi, jike mzima, peke yake, mita 70, ubavu wazi. Kibali cha asiye na pembe kipo, ardhi ni ya umma, nyuma yake ni kilima cha udongo kinachoweza kuizuia risasi. Ndipo kidole kikaingia kwenye kifyatulio.

Kulenga: fuata mguu wa mbele kwenda juu kwa ukingo wake wa nyuma, simama theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Hapo kuna mapafu yote mawili na sehemu ya juu ya moyo. Mnyama hukimbia kidogo, damu humwagika ndani ya kifua, na nyama hubaki safi. Kichwa na shingo tunaviacha. Ukikosea kidogo unavunja taya na mnyama anakufa kwa njaa baada ya siku kadhaa. Tena katika eneo hili kichwa kinahitajika kizima kwa ajili ya kipimo cha ugonjwa tutakaoueleza Jumatatu, na uti wa mgongo hautakiwi kupasuliwa.

Aliruka, akakimbia akiwa ameinama, mkia chini. Sasa saa inatazamwa: nusu saa bila kushuka. Mnyama aliyepigwa mapafu anakuwa ameshakufa, lakini kama umekosea, kumfuata mapema kutamwinua na kumpeleka maili mbili. Baada ya nusu saa, nenda hadi aliposimama na usome. Damu ya waridi yenye mapovu ni mapafu. Nyekundu iliyoiva na nzito, ini: subiri saa tatu au nne. Maji ya kijani yenye harufu na vipande vya majani ni tumbo: rudi nyuma kimya, subiri saa sita hadi nane, hata kama moyo unakuuma. Hapa yalikuwa mapovu. Alikuwa amelala mita 80 mbele, chini ya mwaloni.

Mkaribie kutoka mgongoni, gusa jicho kwa ncha ya kijiti. Likipepesa, bado yu hai. Kwa Mwislamu, Bismillah inasomwa wakati wa kufyatua, na ukimkuta ana uhai unamchinja palepale. Ukimkuta ameshakufa kwa risasi iliyotajiwa jina la Mungu, wanazuoni wengi wa zama hizi huiona nyama ni halali. Aliye na shaka amuulize shekhe wake kabla ya msimu. Porini ukiwa na kisu mkononi umechelewa.

Kutoa matumbo kulianza mara moja, kwa mpangilio huu.

Mlaze chali, kichwa kikiwa juu kidogo ya mkia. Vaa glovu. Anza na njia ya haja kubwa: kisu chembamba kizunguke pande zote kwa kina cha sentimita 10, uivute nje kidogo na kuifunga kwa uzi mara mbili. Kiwele kikatwe chote kwa nje, maana maziwa yakimwagika huchachuka juu ya nyama. Usiguse matezi yenye manyoya meusi kwenye viungo vya miguu ya nyuma. Ukiyagusa, badilisha glovu na usafishe kisu, la sivyo mafuta yake yatakwenda kila mahali kisu kitakapokwenda.

Kisha toboa tundu dogo chini ya mfupa wa kifua, ingiza vidole viwili, inua ukuta wa tumbo, na kisu kipite katikati ya vidole, makali yakiangalia juu. Hapa ndipo wengi huharibu. Tumbo la mnyama anayecheua hujaa gesi dakika chache baada ya kufa na hubanwa kwenye ngozi. Makali yakiangalia chini, utalipasua. Pasua hadi kwenye nyonga.

Ingiza mkono, kata kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, ukifuata mbavu kushoto na kulia. Damu nyingi itatoka, ni ile ya mapafu. Sasa mkono upande hadi shingoni, shika koo la hewa na umio pamoja, ukate juu kadiri unavyofika. Koo likibaki ndani huoza kabla ya kitu kingine chochote. Vuta kuelekea mkiani na mgeuze mnyama ubavu. Vyote vinatoka kwa pamoja, na ile njia uliyoifunga inafuata kwa ndani. Kibofu kibanwe kwenye shingo yake kwa vidole ndipo kikatwe.

Aliyezoea kuchinja mbuzi atatafuta nyongo kwenye ini ili aiondoe isipasuke. Asijisumbue, kulungu huyu hana kifuko cha nyongo.

Tazama viungo kabla hujaviacha. Ini liwe laini, rangi moja, lisiwe na vijipu. Mapafu yasiwe yamegandamana na mbavu, wala kifuani kusiwe na vinundu vya manjano. Moyo na ini vilitiwa kwenye mfuko wao safi. Kisha mnyama aligeuzwa kifudifudi dakika tano damu ichuruzike, akarudishwa chali, na kijiti cha sentimita 25 kikawekwa kati ya mbavu ili hewa ipite. Ndani pangusa kwa karatasi kavu. Maji ya kijito yasitumike, yana vijidudu vyake, na unyevu huvikuza. Kama uchafu wa utumbo umegusa nyama, kata sehemu hiyo kwa unene wa kidole na uitupe. Kuosha huusambaza.

Tangu risasi hadi hapo ilikuwa saa moja na dakika arobaini. Miguu ya mbele ilifungwa kichwani na kuburutwa kukawa kwa kichwa mbele, manyoya yalale. Ukimburuta kwa miguu ya nyuma, manyoya husimama na kuzoa majani na udongo hadi ndani ya tumbo lililo wazi.

Usiku alitundikwa bandani kwa miguu ya nyuma, ngozi ikiwa bado. Misuli inahitaji kukakamaa na kulegea ikiwa juu ya mfupa, angalau saa 24. Nyama iliyokatwa na kutiwa kwenye barafu kali saa mbili baada ya kifo hujivuta ikawa ngumu, na hakuna upishi utakaoirudisha. Kwa upande mwingine, joto likizidi nyuzi 4 kwa muda mrefu, bakteria wanakuwa wameanza kazi. Usiku ulikuwa nyuzi 1. Hali nzuri kabisa.

Jumatatu

Utabiri wa mchana ulisema nyuzi 9, kwa hiyo ngozi haikungoja.

Kabla ya hapo, usajili. Kila kulungu lazima asajiliwe, kwa simu au mtandaoni, kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata ile aliyopatikana. Namba ya uthibitisho iandikwe mara moja kwa kalamu isiyofutika.

Halafu kichwa. Kusini mwa Wisconsin kuna ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, unaofahamika kwa herufi CWD. Uligunduliwa jimboni mwaka 2002, karibu na Mount Horeb, na kaunti za hapa zina maambukizi makubwa. Unasababishwa na prioni, protini iliyojikunja vibaya. Hazifi kwa kugandishwa wala kwa kuchemshwa kwa sufuria. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama, lakini mamlaka za afya za Marekani zinashauri mnyama aliyepatikana nao asiliwe. Mnyama anaweza kuwa nao huku amenona na kuchangamka, hivyo macho hayatoshi. Kipimo ni bure. Kata kichwa pamoja na sentimita 8 hadi 12 za shingo, maana tezi zinazopimwa ziko nyuma ya koo, kitie kwenye mfuko, jaza fomu yenye namba ya usajili na mahali alipouawa, na ukiweke kwenye kituo cha Idara ya Maliasili. Hifadhi kipande cha risiti.

Ngozi hutoka vizuri kwa ngumi kuliko kwa kisu. Pasua kuzunguka viungo vya nyuma, shuka ndani ya mapaja, kisha vuta kwenda chini huku ukisukuma kwa ngumi kati ya ngozi na nyama. Ngozi ijikunje nje, manyoya yasiguse nyama. Unywele mmoja si tatizo, tatizo ni mafuta na vumbi ulilobeba. Nyoya moja moja liokotwe sasa kwa kitambaa chenye unyevu, likikauka linaganda.

Mabega hayana kiungo cha mfupa na mwili. Inua mkono, kisu kipite kati ya bega na mbavu, nalo linabaki mkononi. Paja linakatwa kwa kufuata mfupa wa nyonga hadi kwenye kiungo cha duara. Sarara mbili, ile misuli mirefu juu ya mgongo, zinatolewa kwa kisu kinachokwaruza uti pole pole kutoka nyonga hadi shingoni. Fileti mbili ndogo ziko kwa ndani, chini ya kiuno, na huvuliwa kwa vidole. Shingo hutolewa nyama bila mfupa. Msumeno haukutumika mahali popote, na uti wa mgongo ulibaki mzima. Mifupa na ngozi vilifungwa kwenye mifuko mizito na kupelekwa kwenye jaa linalopokea mizoga. Visirudishwe porini kaunti nyingine.

Vipande vilivikwa mifuko ya kitambaa na kupangwa juu ya wavu ndani ya maboksi, chupa za barafu zikiwa chini na pembeni. Nyama isikae ndani ya maji ya barafu. Inageuka nyeupe, inapoteza ladha, na utando wake hulainika na kuteleza.

Jumanne na Jumatano

Kipimajoto kwenye boksi: nyuzi 2. Chupa zinabadilishwa asubuhi na jioni. Siku hizi tatu au nne za kupumzika baridini ndizo zinazolainisha sarara na mapaja, kwa vimeng'enya vya nyama yenyewe.

Alhamisi

Siku ya kukata. Jike alikuwa na kilo 48 bila matumbo. Meza ilitoa kilo 19 hivi za nyama isiyo na mfupa, na miundi minne iliyoachwa na mifupa yake.

Kanuni ya kwanza: mafuta ya kulungu yote hutoka. Ni meupe, magumu, na huganda kwenye kaakaa mara chakula kinapopoa kidogo. Yakikaa kwenye friza miezi mitatu, ndiyo yanayochacha kabla ya nyama. Kanuni ya pili: utando mweupe unaong'aa juu ya sarara na misuli ya paja. Ingiza ncha ya kisu chini yake, shika ukingo, elekeza makali juu kidogo, na uuvute mbele na nyuma huku kisu kikibaki mahali pamoja. Usiposafisha utando huu, kipande hujikunja kikaangoni.

Paja lisikatwe vipande vya duara kwa msumeno. Lina misuli mikubwa inayotengana kwa vidole kando ya mishono yake. Katikati ya mishono, ndani ya mafuta, kuna tezi ya rangi ya kijivu ukubwa wa kokwa. Itoe nzima, ina ladha chungu. Kila msuli unabaki na nyuzi zinazoelekea upande mmoja, na hapo kukata kwa kukingamana na nyuzi kunakuwa rahisi.

Mabega na vipande vidogo vikaenda kwenye mashine ya kusaga, vikiwa vimekaribia kuganda, kwa sababu nyama ya joto hupondeka badala ya kukatika. Nusu ya nyama iliyosagwa iliachwa kavu. Nusu nyingine, kilo 3, ilitiwa nusu kilo ya mafuta ya ng'ombe kwa ajili ya kababu.

Kila kifungo kiliviringishwa plastiki bila hewa, kisha karatasi, kikaandikwa sehemu, tarehe na namba ya usajili. Mnyama mmoja asichanganywe na mwingine kabla ya majibu. Wawindaji wawili wakisaga kulungu wao pamoja na mmoja akakutwa na ugonjwa, nyama yote inatupwa. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Vipande vizima vinakaa mwaka, ya kusaga miezi mitano au sita.

Hakuna kilichopikwa leo. Moyo na ini vimegandishwa pamoja na vingine.

Wiki ya pili, majibu

Majibu huchukua wiki moja hadi mbili. Yamekuja: ugonjwa haukugunduliwa. Sarara imehamishwa kutoka friza hadi friji, chini, ndani ya sahani. Itayeyuka kwa saa 24. Ukiiyeyusha kwenye maji ya moto, nusu ya utamu utauona sinkini.

Jumamosi, sarara

Kipande cha gramu 700. Usiku uliopita kilipakwa gramu 9 za chumvi laini, yaani kijiko cha chai na nusu, kikakaa wazi kwenye friji. Asubuhi uso umekauka, na uso mkavu ndio unaopata rangi.

Kitoe saa moja kabla. Kikaango cha chuma kizito kipate moto mpaka mafuta yaanze kutoa moshi kidogo. Dakika mbili na nusu kila upande, pande tatu. Dakika ya mwisho tia siagi vijiko viwili, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, na pilipili manga, ukiimwagia nyama kwa kijiko. Kipimajoto kikisoma nyuzi 52 katikati, toa. Itapumzika dakika nane na kupanda hadi 56 hivi. Kata kwa kukingamana na nyuzi, unene wa kidole.

Kulungu hana mafuta ndani ya misuli. Nyama ya ng'ombe ikizidi kuiva, mafuta yake huiokoa. Hii haina cha kuiokoa, na nyuzi 65 zikipita ni kavu na ina ladha ya chuma, ile ambayo watu huiita ladha ya ini. Hata hivyo mamlaka za chakula za Marekani zinashauri nyamapori ifike nyuzi 71, kwa sababu ya vimelea kama vile vya toksoplasma, na mjamzito au mgonjwa asile iliyo nyekundu kabisa. Wengi wetu tena hatujazoea nyama yenye wekundu katikati. Basi usiiue sarara kwa ajili ya mgeni asiyeipenda. Mpikie muundi.

Jumapili, muundi wa nazi

Hiki, kwa maoni yetu, ndicho chakula bora kinachotoka kwa kulungu, na wawindaji wengi hapa husaga miundi au kuitupa. Ina kano nyingi, na kano hizo ndizo zinazogeuka uzito wa mchuzi zikipewa muda.

Miundi minne yenye mifupa, karibu kilo 2.4. Kausha, paka chumvi vijiko viwili vya chai, kaanga kwa mafuta pande zote hadi iwe ya kahawia, dakika 15. Usiharakishe hapa. Toa nyama. Katika mafuta yale yale kaanga vitunguu maji vitatu vikubwa hadi viwe vya dhahabu, tia tangawizi iliyopondwa kijiko kikubwa, kitunguu saumu punje sita, binzari nyembamba vijiko viwili vya chai, manjano kimoja, iliki nne, kijiti cha mdalasini. Koroga dakika moja. Nyanya nne zilizomenywa, zipikwe mpaka mafuta yaonekane pembeni.

Rudisha nyama, mimina tui jepesi mililita 600 lifike nusu ya miundi. Funika, moto mdogo kabisa au oveni ya nyuzi 150, saa tatu hadi tatu na nusu. Igeuze kila saa. Saa ya pili utaona nyama ngumu kuliko ilivyoanza, na hapo wengi hukata tamaa na kuongeza moto. Acha. Kano zinayeyuka polepole, na moto mkali utaikausha nyama kabla hazijalegea. Imeiva pale mfupa unapozunguka bila kushikiliwa.

Mwishoni, tui zito mililita 250, pilipili mbichi mbili nzima, dakika kumi bila kifuniko, mchuzi usichemke kwa nguvu ili tui lisikatike. Ndimu nusu baada ya kuepua. Wali, au ugali laini.

Jumatatu, mishkaki na sambusa

Mishkaki hutoka kwenye paja, si begani. Kilo moja, vipande vya sentimita 3. Viungo: tangawizi na kitunguu saumu vijiko viwili vikubwa, ndimu moja, mafuta vijiko vitatu, pilipili, chumvi vijiko viwili vya chai, na kijiko kikubwa kimoja cha papai bichi lililokunwa. Papai likae dakika 45, lisizidi. Wanaoliacha usiku kucha, kama walivyozoea kwa ng'ombe mzee, wanakuta uso wa nyama umekuwa uji na ndani bado imara, kwa sababu nyuzi za kulungu ni laini na nyembamba. Weka kipande kidogo cha mafuta ya ng'ombe kati ya kila vipande viwili. Makaa makali, dakika saba jumla.

Sambusa hutumia ile nyama ya kusaga isiyotiwa mafuta, na hapa ukavu wa kulungu ni faida: haitoi mafuta yakalowesha manda. Gramu 500 zipikwe na tangawizi, saumu, chumvi na nusu ndimu mpaka maji yakauke kabisa, zipoe, ndipo vitunguu viwili vilivyokatwa vidogo na dhania viingie vibichi. Ukivitia nyama ikiwa moto, vitatoa maji na sambusa itapasuka karaini. Gramu hizo zinajaza sambusa 25 hadi 30.